Chumvi Hubaki Chunguni

Kiegeani, Mafia
Baada ya sala ya adhuhuri

Mwanangu Mwanamvua,

Mmekwenda Juani na mama yako kumuaga bibi yako, na mpaka maji yajae mashua ipate kuelea, nyumba hii ni yangu peke yangu. Nimekaa kwenye meza ya kukatia vioo, nimesogeza rula na visu pembeni, nikachana karatasi kwenye daftari la vipimo. Ukiona nyuma ya ukurasa pameandikwa "dirisha la jikoni, nne kwa tatu," usitafute maana. Ni la mteja.

Ya nguo, ya chakula na ya kutolala na nywele mbichi, mama yako amekwisha kuyasema, na aliloliacha atakupigia simu kabla basi halijafika Morogoro. Mimi sina langu huko. Mwanza sijafika. Naambiwa ziwa lao ni kubwa hata ng'ambo huioni, lakini ukionja maji yake ni matamu kama ya kisima. Mtoto wa Kiegeani anakwenda kusomea samaki kwenye maji yasiyo na chumvi! Ami yako Shaweji alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Jina lako ni Mwanamvua, na mvua haijawahi kuwa na chumvi.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua: nikikaribia jambo zito naanza kuuliza habari za bei ya mbao. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, ila ujumbe wa simu mtu anausoma huku anavuka barabara. Hili nataka ulisome umekaa.

Ni habari ya samaki wako wayo, na habari ya ndoo.

Ndoo ni ile nyeupe yenye kifuniko, uliyoiweka jana nyuma ya mlango. Leo nimeipita mara nne, sijaigusa. Ndiyo iliyomleta wayo wa kwanza nyumbani kwetu, na ndiyo iliyomleta huyu wa sasa. Jumatatu ulipokuwa unakunja nguo uliniambia, "Kuhusu wayo nimeshaamua, Baba. Nitakuambia siku ya kuondoka." Nikaitika. Jana nikaiona ndoo, nikajua. Kesho alfajiri, kabla hatujakwenda Kilindoni kwenye boti, unataka kumrudisha baharini.

Sikulaumu. Lakini mimi nataka nimlee. Nataka uniachie. Na sina uso wa kukuomba hilo mpaka kwanza nikuambie jambo nililolikalia zaidi ya miaka mitatu.

Acha nianze mbali kidogo, ili nipate nguvu.

Ulikuwa kidato cha pili. Uliingia kutoka shule hujavua hata viatu, ukasema, "Baba, nikatie vioo. Nataka kufuga samaki wa baharini ndani ya nyumba." Nikakuuliza kwani kuku wamekwisha. Nikakuuliza ni samaki gani, nikitegemea utataja wale wa rangirangi wanaopigwa picha na wageni. Ukasema, "Wayo."

Wayo! Mimi wayo nilikuwa nikimjua kwenye sahani tu. Samaki bapa kama unyayo wa mtu, na jina lake ndilo hilo. Macho yote mawili upande mmoja, rangi ya mchanga, kazi yake kulala chini na kujifukia abakize macho. Nikakuambia watu hufuga kitu cha kutazamwa, wewe unataka kufuga kitu kinachojificha. Ukanijibu, "Ndiyo maana nataka nimwone." Ukitaka kujua ni lini nilianza kujivunia wewe, si kama mtu anavyojivunia mtoto aliyeshinda mbio, bali kama anavyomheshimu fundi mwenzake, ni siku ile. Ingawa nilichosema ni, "Kavue viatu."

Kabla ya yote ukaenda kuuliza. Mimi niliona ni kujisumbua. Bahari iko pale, samaki yumo, ruhusa ya nini? Wewe ukavaa sare, ukapanda bodaboda, ukaenda kuwauliza watu wa hifadhi ya bahari kama mwanafunzi anaweza kuweka samaki mmoja nyumbani. Ukarudi na karatasi. Mimi ni mtu mzima wa kisiwa hiki na sijawahi kuiomba bahari kitu chochote kwa adabu kiasi hicho.

Halafu ikaja zamu yangu, na vituko vyangu vya ufundi. Zaidi ya miaka ishirini nakata vioo vya madirisha, nikajiona sina haja ya kufundishwa boksi. Ulinionyesha video kwenye simu, sikuitazama hadi mwisho. Nikakutengenezea kitu kirefu, chembamba, kimesimama kama kabati la duka la dhahabu, kwa kioo cha dirisha na ile gundi nyeupe tunayoshindilia vioo kwenye fremu. Ukakizunguka mara mbili, mikono nyuma, ukasema polepole, "Baba, huyu hapandi juu. Anataka uwanja, hataki ghorofa."

Nikakuambia tutie maji kwanza, ya uwanja baadaye. Tulitia ndoo tano. Ya sita hatukuitia. Kilipasuka kwa mlio mmoja, na mkeka wa mama yako, ule alioachiwa na mama yake, ukaelea mpaka barazani. Mama yako akasimama mlangoni na mwiko mkononi. "Bahari iko hapo chini tu, mume wangu," akasema. "Kulikuwa na haja gani ya kuileta?"

Hukucheka. Ulichukua tambara, ukapiga magoti, na huku unakamua ukaniambia, "Maji yana uzito, Baba. Yanasukuma." Upepo hulisukuma dirisha ukapita zake, maji hukaa palepale yakisukuma usiku na mchana. Hilo nilipaswa kulijua, nikafundishwa na mtoto wa kidato cha pili aliyelowa mpaka magotini.

Cha pili tulikitengeneza kwa kioo kinene kilichotoka kwenye kabati la duka moja la Kilindoni lililofungwa, kipana, kifupi, kwa silikoni, na fremu ya chuma. Safari ile mimi ndiye niliyekuwa kibarua. Mawe yatangulie, ulisema, yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo uje mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki anayefukua atayachimba yamwangukie. Mchanga uwe laini, kina cha vidole vinne, usiwe na vipande vya matumbawe, maana wayo hutembelea tumbo. Ukauchekecha siku tatu kwa chekeche la unga la mama yako. Hilo yeye hajui mpaka leo. Akiisoma barua hii, shauri lako.

Kisha tukakaa na maji matupu. Wiki baada ya wiki, mawe na mchanga, pampu inabubujika, samaki hakuna. "Maji mapya ni makali," ulisema, "lazima yapevuke." Shaweji alikuwa akipita kila jioni akitoka pwani na kupiga hodi: "Mawe yenu hawajambo? Wamekula?" Nami nikicheka naye, wewe umekaa kwenye kigoda chako unaandika kwenye lile daftari la jalada la kijani. Kicheko kile kinanirudi. Nilikuwa najua kungoja gundi ikauke. Kuyangoja maji mpaka yawe tayari kumpokea kiumbe, hilo sikulijua, na wewe ulilijua ukiwa na miaka kumi na mitano.

Siku Shaweji alipomleta kwenye ndoo nyeupe, mdogo kama kiganja cha mtoto, hata yeye alisahau utani wake. Wayo alitua juu ya mchanga, akatikisa mapezi mara moja, akapotea. Yakabaki macho mawili yanatutazama. Mama yako akasema "Subhanallah," akaketi chini na mwiko wake, wali ukaungua.

Sasa nimefika ninapopaogopa.

Ulipiga mstari mwekundu kwenye kioo kwa rangi ya kucha: maji yasishuke hapo. Kila jioni yalikuwa yameshuka kidogo kwa joto la bati letu, nawe ulichota kopo la maji kisimani ukayamimina taratibu mpaka kwenye mstari. Siku ya tatu nikakuona. Samaki wa bahari, maji ya kisima! Nikakuuliza, ukanijibu, "Kinachopaa ni maji, Baba. Chumvi haipai." Nikaguna. Nikaona ni maneno ya vitabuni. Nilijiambia, huyu ni mgeni, katolewa kwao, na mgeni hupewa anachokijua.

Basi kila alasiri, kabla hujarudi kutoka shule, nilichukua kopo langu la bati, lile lililobonyea ubavuni, nikashuka ufukoni, nikachota maji ya bahari mazuri, nikayamimina mpaka kwenye mstari wako mwekundu. Sikukosa siku hata moja. Nilikwenda hata kwenye mvua. Nilifanya kwa mapenzi, na sikuambii hivyo ili kujitetea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wewe ukirudi jioni unakuta maji yapo kwenye mstari. Unaandika: "Maji hayajapungua." Kesho yake: "Maji hayajapungua." Ukanieleza kwamba huenda ni kwa sababu tulisogeza kioo mbali na dirisha. Nikasema, "Huenda." Nilijisikia mjanja, Mwanamvua. Nilijisikia baba anayejua kitu ambacho mtoto wake msomi hakijui.

Kwenye ukingo wa kioo ukaanza kuota utando mweupe. Nikadhani ni vumbi, nikaufuta kwa shati. Mwezi ukapita, wa pili ukaisha. Wayo akaacha kujifukia. Akawa analala juu juu, anahema haraka, hali. Asubuhi moja ulinikuta napiga mswaki uani, ukasema tu, "Baba, njoo."

Ulilia siku nzima. Ulirudia neno moja: "Nimekosea. Nimekosea, sijui nimekosea wapi." Na mimi nikakuambia, sitayapamba maneno yangu, nikakuambia, "Samaki ni samaki. Nenda kanawe uso."

Siku ile sikuwa najua, wallahi. Nilijua Ijumaa iliyofuata, bibi yako alipovuka kutoka Juani kuja kututazama. Wewe ulikuwa shule. Akakikuta kioo kimya, maji bado yamo. Akapitisha ukucha kwenye ukingo, akakwangua ule utando mweupe, akaulamba. Akanigeukia.

"Mlikuwa mkimtilia maji gani?"

"Ya bahari, mama. Kila yakipungua natia mengine."

"Musa," akasema, "si wewe uliyekuwa ukinichochea kuni?"

Hapo nikakikumbuka chungu. Hukuwahi kuuona wakati ule, wala mimi sijakusimulia. Nilipokuwa mdogo kulitokea kipindi chumvi ikaadimika madukani. Bibi yako akatenga chungu kikubwa nyuma ya nyumba, akachemsha maji ya bahari. Mimi kazi yangu ilikuwa mbili: kuchochea moto, na maji yakishuka chunguni niongeze mengine. "Yakipungua tia mengine, Musa!" Nilisikia hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, na jioni chini ya chungu palikuwa na chumvi nyeupe ya kuwagawia majirani. Mkono wangu uliijua kazi ile kabla sijajua kusoma.

"Chumvi haipai, mwanangu," bibi yako akasema. "Chumvi hubaki chunguni."

Kumbe miezi miwili nilikuwa napika chumvi sebuleni kwangu bila moto, na kiumbe kikiwa ndani. Ulikuwa umeniambia, kwa maneno yaleyale ya bibi yako. Yeye nilimwamini papo hapo. Wewe nilikugunia.

"Mtoto anajua?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie."

"Nitamwambia, mama."

Akanitazama kama anavyomtazama samaki wa jana. Na leo mko kwake, huenda amechoka kunisubiri, amekwambia. Hata hivyo naandika.

Sikukuambia siku ile. Nikalichukua lile kopo la bati nikalisukuma chini ya mbao nyuma ya banda, ndani kabisa. Sikukuambia wiki ile, kwa kuwa ulikuwa na mtihani. Baadaye sikukuambia kwa kuwa ulikuwa umeacha kulia, na nikajidanganya kwamba kukuambia ni kukuliza upya. Mtu akitaka sababu ya kunyamaza haikosi.

Na unakumbuka nilivyokulea. "Fundi akivunja kioo, aseme yeye kabla mwenye nyumba hajaona." Nimewaambia vibarua wangu wote, nimekuambia wewe ulipovunja sahani. Sikuwahi kukuambia nilikoitoa. Nilipokuwa najifunza kazi niliutia ufa kwenye kioo cha mlango wa watu, ufa mdogo kama unywele, pembeni kabisa. Nikauficha chini ya fremu, nikaupaka gundi, nikaenda zangu. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kioo haisaidii, ufa wa kioo hauzibiki, unatembea. Mwezi haukwisha, mtoto wa nyumba ile akaufunga mlango kwa nguvu, kioo chote kikamwagika, na kovu la mkononi mwake naliona mpaka leo tukikutana sokoni. Ananiamkia "Shikamoo fundi," naitika "Marahaba" huku natazama pembeni. Basi kanuni yangu niliipata hapo. Nikakaa nayo miaka yote nikiitumia kwa wengine.

Wewe hukukata tamaa, na hapa ndipo kifua kinaponijaa. Siku chache baada ya kumzika wayo chini ya mpapai, ulichukua bomba la biro, ukatia ndani chubwi dogo la Shaweji, ile risasi ya kuzamishia mshipi, ukaliziba kwa nta ya mshumaa. Ukalichovya kwenye maji ya bahari, likaelea wima. Ukatia alama palipokomea. Ukalichovya kwenye maji ya kisima, likazama zaidi. Kisha ukalichovya kwenye maji yaliyobaki kwenye kioo. Mimi nimesimama nyuma yako. Likaelea juu kabisa, juu ya alama, kama linaogopa kulowa. Ulilitazama muda mrefu. Halafu ukafungua daftari la kijani, ukarudisha kurasa nyuma, ukasoma. Hukugeuka. Nikadhani unafikiri tu.

Mimi nina rula, nina kipimo cha pembe, nina kipimo cha usawa, vyote vya dukani. Wewe ulitengeneza kipimo chako kwa biro iliyokwisha wino. Nikatoka nje nikajifanya naenda kumtafuta kuku.

Huyu wa pili unamjua kuliko mimi. Ila kuna siku moja nataka ujue ninavyoikumbuka. Umeme ulikatika asubuhi, pampu ikanyamaza, na kufika saa nne wayo alikuwa ametoka mchangani anahema. Ukasema maji yanataka hewa. Ukachukua upawa, ukawa unachota na kumimina kutoka juu ili maji yapigike. Ulipochoka nikakupokea. Nilipochoka akapokea mama yako. Tulifanya hivyo tangu asubuhi mpaka magharibi, tunapokezana, tunakula tumesimama. Shaweji akapita. "Leo mnapika nini?" akauliza. "Tunapika hewa," ukamjibu, na usoni huna hata tabasamu. Akaweka kapu lake chini akaomba upawa. Umeme uliporudi mkono wangu ulikuwa hauinuki kufikia kofia, na sijapata kufanya kazi katika maisha yangu iliyonipa raha kama ile.

Na kuna siku mwalimu wako alipoleta darasa zima. Wameenea sebuleni mpaka uani, wewe umesimama kando ya kioo na kijiti. Uliwaeleza kwamba wayo huanguliwa na jicho kila upande kama samaki wengine, kisha jicho moja husafiri likapita juu ya kichwa kwenda kwa mwenzake. Sikuwa najua. Nimekula wayo maisha yangu yote sikuwa najua. Msichana mmoja akauliza nani aliyekutengenezea kioo. "Baba yangu. Ndiye fundi," ukasema, na wote wakanigeukia, na mimi nimeshika sinia la vikombe. Kisha mwingine akauliza kama huyu ndiye samaki wako wa kwanza.

"Hapana," ukasema. "Wa kwanza alikufa. Tulikosea kuongeza maji."

Tulikosea. Siku alipokufa ulisema nimekosea. Nililisikia neno lile, nikajiambia ni adabu yako tu, kumshirikisha baba kwenye sifa na kwenye kosa. Sinia likawa zito, nikaliweka chini.

Basi nimesema. Wa kwanza nilimuua mimi. Hukukosea popote; ulipima vizuri, uliweka mchanga vizuri, uliniambia ukweli, na mimi nikapita nyuma yako kila alasiri na kopo. Kama huko uendako utasikia watu wanakuuliza ulikosea wapi, na sauti ndani yako ikaanza kutafuta, kumbuka kwamba mara moja ulitafuta kosa lisilo lako, na aliyekuwa nalo alikuwa amekaa chumba cha pili anakunywa chai. Maji hupungua, siku hupita, lile nililonyamazia halikupungua. Lilizidi ukali tu.

Ombi langu ni hili. Niachie wayo. Najua anakula magharibi, uduvi kidogo, si zaidi. Najua hapendi tochi. Najua mawe hayasogezwi. Siku jina lako lilipotoka kwamba umepata chuo, nilikwenda Kilindoni kununua silikoni nikarudi bila silikoni, nimewaambia soko zima. Na kila aliyenipa mkono nilijiona namwibia, kwa sababu hii. Kama baada ya kusoma haya huniamini, mchukue kesho kwenye ndoo, mimi nitaibeba mpaka majini. Sitanuna.

*

Nimesali alasiri, nimerudi. Nilitaka kufunga barua, lakini kuna la kuongeza.

Nilikwenda kuiosha ndoo. Nilisema niitayarishe, uikute safi, uone sina kinyongo. Nikaishika mpini, haikuinuka. Imejaa.

Nikafungua kifuniko. Maji. Nikachovya kidole nikalamba. Maji ya kisima. Na juu yake linaelea kopo la bati, limebonyea ubavuni, limesuguliwa na mchanga mpaka linang'aa. Lile la chini ya mbao. Upande wa ndani wa kifuniko umeandika kwa kalamu nene: "Kopo moja kila jioni. Ya kisima, Baba."

Nimekaa sakafuni kando ya ndoo. Nilikuwa nakumbuka ulivyorudisha kurasa za daftari siku ile, na mgongo wako usiogeuka. Maji hayajapungua, maji hayajapungua. Ulikuwa unajua. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukajua, ukanisitiri mbele ya mwalimu wako na wenzako kwa neno moja.

Nilitaka kuichana barua hii. Nimeiacha. Kujua kwako hakunipunguzii mimi wajibu wa kusema. Nitaitia kwenye begi lako chini ya kanga alizokukunjia mama yako, uikute umeshafika.

Nasikia sauti ya mama yako kule njiani, anacheka na Shaweji. Mmefika. Nimechota kopo moja, nimelimimina polepole. Maji yako kwenye mstari, na wayo ametoa macho.

Mimi niliyemuua wa kwanza, na umeniachia wa pili,
Baba yako,
Musa